Mpuliza Saksafoni na Vyanzo Saba: Uchambuzi wa Kisa cha Makala Iliyopendekezwa Kufutwa

Kisa hiki kinahusu makala ya mwanamuziki mmoja wa bendi za jazz za Tanzania, sasa ni marehemu. Iliandikwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ikapendekezwa kufutwa, ikaondolewa, kisha ikarudi ikiwa fupi na imara zaidi. Nimeondoa jina lake, bendi zake, mji wake na miaka ambayo ingemtambulisha. Wahariri walioshiriki nao sijawataja. Nimebakiza mwenendo wa shauri lenyewe, kwa kuwa mashauri ya aina hii huja mara kwa mara, na wanamuziki wetu wengi hushindwa si kwa kukosa historia bali kwa namna walivyotetewa.

Usuli

Bendi za Tanzania zilizojiita jazz zilikuwa bendi za dansi. Dar es Salaam Jazz iliundwa 1932, Morogoro Jazz 1944, na baadaye zikaja Tabora Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya Tanga na nyingine nyingi. Zilipiga rumba na cha cha cha, na kila moja ikajibunia mtindo wake ili isifanane na jirani. Baada ya uhuru, taasisi za umma nazo zikaingia katika kazi hiyo. Chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz 1964, umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz 1971, na Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa wakawa na bendi zao. Mwanamuziki wa bendi hizo alikuwa mwajiriwa kama karani au dereva. Mshahara ulitoka kwa mwajiri, vyombo vilikuwa vya mwajiri, na jina lililobandikwa ukutani kutangaza dansi la Jumamosi lilikuwa la bendi.

Hapo ndipo tatizo la kisa hiki lilipozaliwa. Waimbaji na wapiga solo walijulikana kwa majina; Mbaraka Mwinshehe hahitaji mtu wa kumtetea. Wapulizaji, wapiga besi na wapiga tumba walijulikana na waliokuwa ukumbini. Nyimbo zilirekodiwa kwenye utepe Redio Tanzania Dar es Salaam, na baadhi zikatolewa kwenye santuri kupitia kampuni za Nairobi. Ukiishika santuri ya mizunguko 45 ya miaka hiyo, katikati utasoma jina la bendi, jina la wimbo na, mara nyingi, jina la mtunzi. Jalada kwa kawaida ni karatasi ya kampuni yenye tundu, haina maelezo yoyote. Aliyepuliza saksafoni katika wimbo ule hatajwi. Mwenzake aliyepuliza New York miaka hiyohiyo kwenye santuri kubwa ya Blue Note, kampuni ya kurekodi jazz, ana jina lake nyuma ya jalada pamoja na ala yake, na lipo jarida la DownBeat, linalotoka tangu 1934, la kumhakiki. Wote wawili wamefanya kazi ileile, lakini mmoja ameachiwa karatasi na mwingine hakuachiwa.

Mhusika wetu alipuliza saksafoni, ala ambayo wapenzi wa dansi huiita mdomo wa bata, katika bendi mbili ambazo zote zina makala zao. Katika bendi ya kwanza alikaa miaka mingi na ndiye aliyeongoza safu ya wapulizaji. Katika ya pili alikaa kwa muda mfupi. Alitunga nyimbo kadhaa, lakini hakuwahi kutoa albamu kwa jina lake.

Kanuni zilizotumika

Wikipedia haiulizi kama mtu alikuwa hodari. Inauliza kama vyanzo vya kuaminika, visivyofungamana naye, vimeandika habari zake kwa kina kiasi cha mtu kuweza kuandika makala bila kubuni. Kwa wanamuziki kuna vigezo vya ziada: albamu mbili au zaidi kwenye kampuni kubwa ya kurekodi, wimbo kuingia kwenye chati ya taifa, tuzo kubwa, na vingine. Kimoja kilimgusa mhusika wetu moja kwa moja, nacho ni cha mwanamuziki aliyekuwa mtu muhimu katika bendi mbili au zaidi ambazo kila moja ina umaarufu wake. Hata hivyo, anayetimiza kigezo huhesabiwa kuwa huenda anastahili. Kigezo hakimwondolei mtu haja ya vyanzo, na wengi husahau hilo.

Kuna kanuni nyingine mbili ambazo watu wa huku hawazitumii inavyopaswa. Chanzo si lazima kiwe mtandaoni, na si lazima kiwe cha Kiingereza. Gazeti la Kiswahili lililofungwa kwenye rafu ya maktaba ni chanzo halali kabisa. Kinachotakiwa ni kuwa lilitolewa kwa umma na mtu mwingine anaweza kulifikia akalikagua. Utepe uliofungiwa kabatini haukidhi sharti hilo, wala mazungumzo ya sebuleni na mzee aliyekuwepo. Mwaka 2011 mtafiti wa India Achal Prabhala na wenzake walifanya mradi India na Afrika Kusini kuonyesha jinsi masimulizi ya mdomo yangeweza kutumika kama rejeo. Mradi ule ulizua mjadala mkubwa na wa maana, ila sharti la chanzo kilichochapishwa lilibaki palepale.

Mfululizo wa matukio

Makala iliandikwa na mjukuu wa mwanamuziki. Ilikuwa ndefu, yenye picha za familia, na ilimwita babu yake gwiji asiye na mpinzani na mtu wa kwanza Afrika Mashariki kuingiza saksafoni katika dansi. Chini kulikuwa na marejeo saba.

Mhariri mmoja aliye mbali na Afrika akapendekeza ifutwe. Alieleza kuwa amemtafuta mwanamuziki huyu katika DownBeat, katika hifadhidata ya AllMusic na katika kamusi za jazz, asimpate. Aliona neno jazz kwenye jina la bendi, akaenda kutafuta kwenye jazz ya Marekani. Kanuni zinamtaka anayependekeza kufuta atafute kwanza, na ni kweli alitafuta, ila pale ambapo mtu huyu hangeweza kuonekana.

Siku iliyofuata ukoo ukaingia. Akaunti nyingi zilizofunguliwa siku hiyohiyo ziliandika kwamba babu yetu ni hazina ya taifa na makala isiguswe. Mjadala wa kufuta hukaa siku saba, na mwisho wake kura hazihesabiwi. Anayefunga hupima hoja. Akaunti zile hazikuleta hoja hata moja, ila zilileta shaka. Wahariri wawili ambao hawakuwa na upande waliandika kwamba inaonekana ni kampeni ya familia, wakaunga mkono kufuta.

Mimi, nikiwa mmoja wa wahariri katika mjadala ule, nilimwandikia mjukuu kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Jibu lake lilikuwa la mtu muungwana kabisa: "Shikamoo kaka. Sisi tulidhani ni kupiga kura. Kama si kura, tufanye nini?" Nikamwomba mambo matatu. Atangaze wazi kwamba ni ndugu wa mhusika. Aache kuhariri makala yenyewe, alicho nacho akiweke kwenye ukurasa wa majadiliano. Na awaulize wazee kama wanakumbuka gazeti lolote lililowahi kumwandika: jina la gazeti na wakati wake, hata kwa kukisia.

Wakati huohuo nilifungua marejeo saba na kuyasoma sambamba. Matano yalikuwa blogu, na katika zote tano kulikuwa na sentensi moja, neno kwa neno, inayosema alijiunga na bendi akiwa "kijana mbichi" katika mwaka fulani. Mwaka ule unatangulia kuundwa kwa bendi yenyewe. Kosa lile moja likaonyesha njia yote. Blogu ya kwanza ilikuwa imechapisha wasifu uliosomwa msibani, na nne zilizobaki ziliunakili pamoja na kosa lake. Rejeo la sita lilikuwa video ya wimbo yenye picha moja iliyosimama. La saba lilikuwa tangazo la kipindi cha redio lenye jina lake mara moja tu. Kwa hiyo hapakuwa na vyanzo saba. Palikuwa na chanzo kimoja, na kilitoka nyumbani kwake.

Niliweka uchambuzi huo kwenye mjadala, ingawa nilitaka makala ibaki. Msimamo wangu ulikuwa kwamba vyanzo vilivyopo havitoshi, kwamba utafutaji ulifanyika mahali pasipo, na kwamba naomba muda. Mjadala ukaongezewa siku saba nyingine.

Fununu iliyosaidia ilitoka kwa bibi, mjane wa marehemu. Hakukumbuka gazeti, lakini alikumbuka kuwa picha ya mumewe ilitoka wakati bendi imerudi kutoka ziara ya nchi jirani. Safari ile ilikuwa imeandikwa katika makala ya bendi, kwa hiyo mwaka mzima wa kupekua ukapungua kuwa miezi michache. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina yake ya Afrika Mashariki, na humo magazeti ya zamani yapo katika majuzuu yaliyofungwa. Hakuna faharasa ya wanamuziki. Unafungua ukurasa kwa ukurasa, na pembe zinameguka ukiwa na papara.

Ilikuwepo. Nusu ukurasa wa burudani, picha yake akiwa ameshika saksafoni, na mahojiano. Mwandishi alieleza kuwa wapuliza tarumbeta wawili wa bendi hawakusoma noti, basi mhusika wetu alikuwa akiwaimbia kila mmoja sehemu yake sikioni, mstari mmoja mmoja, mpaka waishike, ndipo akachukua saksafoni na kuingia katikati yao. Maelezo kama hayo hayawezi kupatikana kwenye wasifu wa msibani. Vilipatikana pia vitu viwili vingine: kitabu cha kitaaluma kuhusu muziki wa Tanzania kilichokuwa na aya mbili juu ya namna alivyopanga safu ya wapulizaji, na kijitabu cha mkusanyiko wa nyimbo za zamani uliotolewa Ulaya, kilichomtaja kuwa mpulizaji katika nyimbo mbili.

Maamuzi na sababu zake

Kubadilisha uwanja wa kutafutia hakukuwa na ubishi. Baada ya kuelezwa kuwa bendi hizi ni za dansi na kwamba habari zake ziko kwenye magazeti ya Kiswahili na kwenye kazi za watafiti kama Werner Graebner, Kelly Askew na Alex Perullo, aliyependekeza kufuta alikubali mwenyewe kwamba kutokuonekana DownBeat si ushahidi wa lolote. Naona alistahili heshima kwa hilo.

Ubishi mkali ulikuwa juu ya gazeti. Lilikuwa gazeti la chama, na bendi ilimilikiwa na chombo kilichokuwa chini ya chama hichohicho. Je, chanzo hicho hakifungamani na mhusika? Mhariri mmoja alisema ni sawa na kampuni kumsifia mfanyakazi wake katika jarida lake. Nilipinga, na bado napinga. Katika Tanzania ya chama kimoja, karibu kila taasisi ilikuwa na uzi unaoifikisha kwa chama. Tukikata kila uzi wa namna hiyo, miaka ya 1970 haitabaki na chanzo. Gazeti lilikuwa na chumba chake cha habari, na mwandishi wa burudani hakuwa mtumishi wa bendi. Lakini hoja ya upande wa pili haikuwa ya kupuuzwa. Gazeti lile lisingeweza kuandika kwamba bendi ile imechuja. Tulikubaliana, baadhi yetu, kwamba mahojiano yanafaa kwa mambo ya hakika, yaani alikojifunzia, kazi aliyoifanya na namna alivyoifanya, ila hayafai kuthibitisha kwamba alikuwa bora kuliko wengine.

Kigezo cha bendi mbili nacho kilianguka. Katika bendi ya kwanza umuhimu wake ulionekana wazi kwenye gazeti na kwenye kitabu. Katika ya pili hapakuwa na chochote zaidi ya jina katika orodha, na kupita kwenye bendi hakumfanyi mtu kuwa nguzo yake. Katika muziki wetu wa dansi, ambamo wanamuziki walihama bendi kila msimu, tukilegeza hapo kila mtu atakuwa amekidhi kigezo.

Mjadala ulipofungwa, uamuzi haukuwa kufuta wala kubakiza. Makala iligeuzwa kuwa elekezo: anayetafuta jina lake anapelekwa kwenye makala ya bendi ya kwanza, na historia ya uhariri inabaki bila kufutwa. Mfungaji aliandika kwamba kipo chanzo kimoja cha kina chenye utata wa uhuru wake, na kimoja cha kati, na kwamba kikipatikana kingine cha kujitegemea makala inaweza kurejeshwa. Kwa vyanzo vilivyokuwepo siku ile, uamuzi ulikuwa wa haki.

Matokeo

Makala ya bendi ilipata sehemu mpya kuhusu safu ya wapulizaji, ambayo haikuwepo kabisa. Familia iliumia. Mjukuu aliniandikia kwamba babu amefanywa kuwa aya ndani ya nyumba ya watu wengine, na sikuona la kubishana naye.

Baada ya miezi kadhaa ndiye yeye aliyepata kilichokosekana. Baada ya vyama vingi kurudi 1992 magazeti binafsi yaliongezeka, na katika mojawapo mwandishi wa muziki alikuwa na safu ya wanamuziki wa zamani. Alimtembelea mzee akiwa bado hai, akaandika karibu ukurasa mzima, pamoja na kumhoji mwimbaji aliyewahi kugombana naye. Ugomvi ule ndio uliokipa chanzo uzito, kwa sababu mwandishi hakuja kusifia. Rasimu iliandikwa kwenye eneo la rasimu, ambako kazi isiyoguswa kwa miezi sita inaweza kufutwa, ikapelekwa kwa wakaguzi na kupitishwa.

Makala ya sasa ina aya tano. Gwiji asiye na mpinzani hayumo, wala dai la kuwa wa kwanza Afrika Mashariki. Kisa cha kuwaimbia wapuliza tarumbeta kimo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutafuta asili ya kila chanzo kabla ya kuvihesabu. Mtetezi wa makala huwa na tamaa ya kurundika viungo, na hakuna kinachowachosha wakaguzi kama rundo. Kutangaza mbele ya wote kwamba matano ni kitu kimoja kulipunguza idadi, lakini kuliwafanya wahariri waliokuwa na mashaka waamini yale yaliyoletwa baadaye. Kosa la mwaka lilikuwa ufunguo. Ukikuta blogu kadhaa zinasema jambo moja, usitafute pale zinapokuwa sahihi, maana ukweli unaweza kuandikwa na watu wengi bila kunakiliana. Tafuta pale zinapokosea kwa pamoja.

Cha pili ni kuitumia familia kama njia ya kufikia chanzo badala ya kuifanya chanzo. Kumbukumbu ya bibi haingeweza kuwekwa kwenye marejeo, lakini bila kumbukumbu hiyo gazeti lisingepatikana. Wahariri wengi wakisikia neno ndugu hufunga mlango. Mjukuu huyu alikuwa mtafiti bora kuliko sisi sote alipoonyeshwa cha kutafuta.

Yaliyoharibika ni mengi. Wingi wa akaunti za ukoo uliwasukuma watu wasio na upande kwenda upande wa kufuta, na doa lile lilidumu mpaka mwisho. Anayetaka kumtetea mzee wake asiwatume ndugu thelathini waandike sentensi moja. Amtume mmoja na tarehe ya gazeti. Sifa katika makala ya kwanza nazo zilidhuru. Dai la kuwa wa kwanza lilikuwa rahisi kulitilia shaka, na likaangushwa pamoja na mambo ya kweli yaliyokuwa jirani yake.

Upande wa utaratibu, siku saba zinamfaa mhusika ambaye habari zake ziko kwenye kompyuta. Kwa mtu ambaye habari zake ziko kwenye majuzuu yasiyo na faharasa, siku saba ni kama hazipo, hata zikiongezwa. Ndiyo maana nautetea uamuzi wa elekezo kuliko wengi wa wenzangu wanaoona ni kushindwa. Historia ya makala ilibaki, jina likaendelea kupatikana, na kazi ya mjukuu haikuanza upya. Makala nyingi za wanamuziki wetu hufutwa moja kwa moja kwa sababu tu hakuna aliyeomba elekezo.

Swali la magazeti ya chama limebaki wazi. Uamuzi ulilikwepa, na safu ya gazeti binafsi ilipokuja hakuna aliyelirudia. Litakuja tena na mwanamuziki mwingine ambaye hakuishi mpaka enzi ya magazeti binafsi, na huyo hatakuwa na chanzo cha kumwokoa. Kwa maoni yangu lijibiwe kwa kila habari pekee: nani aliandika, kuhusu nini, na je, habari ile ina jambo ambalo mwajiri hakuwa na sababu ya kulitunga.

Wapuliza tarumbeta wawili waliosimama naye jukwaani wametajwa sasa katika makala ya bendi, kila mmoja na rejeo lake. Makala zao wenyewe, kwa vyanzo vilivyopo, hazistahili kuandikwa bado.